Niliwahi Kuvuta, Je Kibali cha Usalama Nitapata? Shangazi Anajibu Barua Zenu

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita niligusia kidogo tu kazi za serikali ya Marekani zinazotaka kibali cha usalama, yaani kliaransi kama wengi mnavyoiita, na barua zilizokuja baada ya hapo karibu zote zinauliza kitu kimoja, madawa ya zamani. Nimekaa miaka 11 kwenye ofisi ya usalama ya kampuni moja ya kontrakta, yaani inayofanya kazi za serikali kwa mkataba, kazi yangu ilikuwa kukaa na wafanyakazi wapya wakijaza fomu na kuwajibu maswali, kwaiyo ninayowaambia hapa ndo niliyoyafanya kila siku. Ila mimi sio mwanasheria, na nikifika mahali panapotaka mwanasheria nitasema wazi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nna miaka 26, ni raia wa Marekani, naishi Colorado. Nimepata ofa ya kazi ya IT kwa kontrakta wa jeshi na wanataka kliaransi ya Secret, kile kiwango kilicho chini ya Top Secret. Chuo nilikuwa navuta bangi wikiendi na washkaji, huku ni halali kabisa, mara ya mwisho ni kama miezi nane iliyopita. Mshkaji wangu ananiambia niandike tu "hapana" kwa sababu sijawahi kukamatwa na hakuna rekodi popote. Nifanyeje? – Kijana wa Denver

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mshkaji wako nadhani anakutakia mema ila hapo anakupoteza, tena vibaya.

Tuanze na hilo la "halali huku". Ni kweli watu wa Colorado walipiga kura 2012 na bangi ikaruhusiwa, lakini kibali cha usalama hakitolewi na jimbo, kinatolewa na serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi ya kujistarehesha ni kosa chini ya sheria ya madawa ya 1970. Fomu yenyewe ya kuombea kibali, ile SF-86, kwenye kifungu cha 23 inakuambia kabisa kwamba maswali yanafuata sheria ya serikali kuu hata kama jimbo lako linaruhusu. Kwaiyo ukiandika hapana ukajitetea kwamba "kwetu ni halali", hujakosea kusoma, umedanganya.

Sasa fomu inauliza nini hasa. Inauliza kama umetumia dawa haramu ndani ya miaka 7 iliyopita, na ukisema ndio linafunguka boksi lingine, ni dawa gani, mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka wa mwisho, mara ngapi, na kama una mpango wa kutumia tena na kwa nini. Hapo kwenye "mara ngapi" ndo wengi wanakwama. Nakumbuka kijana mmoja alikaa mbele yangu saa kumi jioni, ofisi nzima watu wameshaanza kuondoka, akaandika 10, akafuta, akaandika 50, akafuta, jasho linamtoka na AC iko juu, mwisho akaniangalia akasema shangazi kwa kweli sikumbuki. Nikamwambia basi andika hivyohivyo, andika ni makadirio, sema "kati ya mwezi huu na mwezi ule nilikuwa navuta kama mara mbili kwa mwezi, jumla takriban mara 40", ili mpelelezi wa serikali anaehakiki fomu akija akukute na hesabu inayoeleweka. Kukadiria kwa moyo safi sio uongo, ila kushusha 40 ikawa 3 ili uonekane mzuri ni uongo.

Na hilo la kwamba hakuna rekodi, mwanangu, wapelelezi hawategemei rekodi za polisi peke yake. Utaandika majina ya watu wanaokujua, ya wakubwa wako wa kazi, wanaojua ulipoishi na uliposoma, na kila mmoja anaweza kuulizwa. Huyo huyo mshkaji anaekwambia uandike hapana anaweza kukaa na mpelelezi mwenye beji mezani akaulizwa "unajua kama ameshawahi kutumia dawa za kulevya?" Unadhani atahatarisha maisha yake kwa ajili yako? Na asihatarishe, kwa kweli.

Kudanganya kwenye hiyo fomu ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5. Wakati huohuo fomu yenyewe inakuahidi kwamba majibu ya kweli ya kifungu cha madawa hayatatumika kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Hebu pima mwenyewe hapo, ukweli umewekewa ulinzi na uongo umewekewa jela.

Haya, ukishasema kweli unapimwaje? Kuna miongozo 13 inayotumika na idara zote, A mpaka M, iliyoanza kutumika Juni 2017. Ya madawa ni H. Haisemi kwamba aliyewahi kutumia amekwisha, inaangalia ni lini, mara ngapi, katika mazingira gani, na kama kuna uwezekano urudie. Wanaangalia umri wako wakati ule, umekua au bado, umesema mwenyewe au umebanwa, wanaita kumtazama mtu kwa ujumla wake, yaani maisha yako yote, sio jambo moja walinyofoe walining'inize. Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, alitoa mwongozo kwa idara zote kwamba bangi ya zamani ya kujistarehesha inaweza kuangaliwa lakini peke yake sio ya kuamua. Huo mwongozo umewasaidia vijana wengi wa rika lako.

Miezi nane ni karibuni, sitakudanganya. Hakuna namba iliyoandikwa kwenye mwongozo kwamba ukimaliza mwaka umepona, na ukisikia mtu anakutajia namba kwa kliaransi kwa ujumla ujue anakisia. Kinachokusaidia wewe ni kwamba ilikuwa bangi tu, ilikuwa na wenzako wa chuo, na umeacha. Acha kweli. Hama kwenye ile grupu ambapo kila Ijumaa kuna msokoto unazunguka. Andika na usaini maelezo kwamba hutatumia tena na kwamba unajua ukirudia ni sababu ya kunyang'anywa kibali, mwongozo H unayataja maelezo hayo kwa jina kama kitu cha kukusaidia. Na kuanzia siku unaposaini SF-86 usiguse kabisa, manake ule mwongozo wa 2021 unahesabu kwamba mchakato umeanza pale kwenye saini, na mtu anaevuta baada ya saini anaonekana hajali, hapo hata mimi ningepata taabu kumtetea.

Halafu kitu kimoja ambacho hukuniuliza. Ulishawahi kumeza Adderall ya mwenzako, kile kidonge cha kukaa makini, wakati wa mitihani? Hilo nalo linaulizwa, kutumia dawa ya kuandikiwa na daktari kinyume na ilivyoandikwa. Wanafunzi wengi wanaikumbuka bangi wanasahau kile kidonge cha saa nane usiku. Na sisi wa kutoka nyumbani tuna tabia ya kugawana dawa, binamu kaja na tramadoli kwenye begi, mgongo unauma unachukua mbili. Tramadoli Marekani imekuwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu 2014. Kaa chini, kumbuka taratibu, andika.

SWALI: Mimi nna grinikadi, bado sijawa raia, nafanya kazi kwenye duka la bangi la halali hapa Washington na huwa natumia kidogo. Nataka kuomba kazi ya kliaransi mwakani. – Msomaji wa Tacoma

JIBU: Ndugu yangu, kliaransi iweke pembeni kwanza, manake hiyo ni ya raia. Kuna ruhusa ndogo ya muda kwa wasio raia ila ni nadra sana na haivuki kiwango cha Secret.

Kinachonitia hofu kwenye barua yako ni uraia wenyewe. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata jimbo likiruhusu, na hata kufanya kazi kwenye biashara yake, kunaweza kukufanya uonekane huna tabia njema inayotakiwa ili upewe uraia. Kwa raia mzaliwa wa hapa kukiri bangi ni aibu kidogo tu, kwako wewe kunaweza kugusa haki yako ya kukaa au ya kurudi ukisafiri. Watu wetu wanaingia kwenye hayo maduka kwa sababu yana leseni ukutani na kodi yanalipa, hakuna aliyewaambia. Usidanganye kwa ofisa yeyote, lakini pia usiende kujieleza kwa ofisa yeyote kabla hujakaa na mwanasheria wa uhamiaji. Mtafute wiki hii, kabla ya kujaza N-400, ile fomu ya kuomba uraia, na kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani. Na acha kutumia leo.

SWALI: Shangazi, sisi miraa kwetu ni zao la biashara, babangu amenisomesha nayo. Nimekuwa raia hapa Minnesota, nimeitwa kazi ya ukalimani yenye kliaransi. Nikienda Kenya huwa natafuna na wazee, na hapa Minneapolis nimetafuna kwenye harusi kama mara tatu. Hiyo nayo nihesabu? – Mwana wa Meru

JIBU: Hesabu, na nashukuru umeuliza manake hili linawapata wengi wetu bila kujua.

Jani lenyewe halitajwi sana lakini kemikali iliyo ndani yake, kathinoni, iliwekwa mwaka 1993 kwenye kundi la juu kabisa la dawa zilizokatazwa Marekani, kundi moja na heroini. Jani likikauka na kukaa siku kadhaa kathinoni inageuka kathini ambayo iko kundi la chini, ila usiende kujitetea kwa kemia mbele ya mpelelezi, haitakusaidia. Zile mara tatu za Minneapolis ni matumizi ya dawa haramu kwa sheria ya hapa. Ziandike, kama hukuti jina lake kwenye orodha kuna nafasi ya "nyingine", andika miraa, andika tarehe, eleza kwamba ni kwenye harusi na kwamba umeacha.

Ya Kenya ni tofauti, kule inalimwa na kuuzwa kwa sheria, na swali linauliza kutumia kinyume cha sheria. Lakini mimi siku zote niliwashauri watu waiweke kwenye sehemu ya maelezo kwa sentensi mbili, "nikiwa Kenya ambako ni halali nilitafuna na familia, mara ya mwisho mwezi fulani". Ikishakuwa kwenye karatasi mpelelezi hawezi kuigundua, wewe ndo umemwambia. Ila wa Tanzania wasijifiche kwenye hilo, mirungi kule imepigwa marufuku, na wanaopitia Uingereza wajue huko nako ilipigwa marufuku 2014.

Na safari ijayo ukikaa na wazee, mwanangu, kunywa chai tu. Najua ilivyo ngumu kukataa mbele ya mzee aliyekuchagulia matawi laini kwa mkono wake. Mwambie ni kazi, mzee aliyekusomesha kwa hilo shamba ataelewa neno kazi.

SWALI: Dada, nakuandikia usiku watu wamelala. Miaka minne iliyopita nilijiunga na jeshi, nikajaza SF-86, nikaandika hapana kwenye madawa. Ukweli ni kwamba mwaka mmoja kabla nilitumia kokeini mara mbili kwenye pati. Rikruta, yule ofisa aliyeniandikisha jeshini, aliniambia "kama hukukamatwa haikutokea". Nikapewa Secret. Sijagusa kitu tangu hapo. Sasa nimepata nafasi kubwa inataka Top Secret na poligrafu, ile mashine ya kupima uongo. Nikisema kweli nimejifunga, nikikaa kimya silali. – Sitaki jina

JIBU: Nimeisoma barua yako mara nne. Pole sana.

Ile kokeini sio tatizo lako kubwa tena. Mara mbili, miaka mitano iliyopita, hujarudia, ukiiweka hiyo peke yake mezani ni jambo ambalo watu wamelivuka. Tatizo ni ile "hapana", kwa sababu ile inahama kutoka mwongozo H inaenda E, wa mwenendo wa mtu, na huko swali sio ulitumia nini, swali ni kama neno lako linaaminika. Kliaransi nzima imejengwa juu ya neno la mtu. Ndo maana nimeona watu wa kokeini wakipita na watu wa msokoto mmoja wakianguka.

Lakini hata E una mlango. Jambo la kwanza kabisa linalotajwa pale la kukusaidia ni kwamba mtu amefanya juhudi za haraka na za kweli kurekebisha alichoficha kabla hajabanwa na ushahidi. Neno ni KABLA. Ukimwambia mpelelezi wewe mwenyewe mwanzo wa mahojiano ni kitu kimoja, ukisema baada ya kufungwa zile waya za poligrafu na kuambiwa "naona hapa kuna jambo linakusumbua" ni kitu kingine kabisa, hata kama maneno ni yaleyale. Miaka minne sio haraka, watakuambia hivyo, na utakubali, ila bado ni kabla.

La rikruta lipo nalo, mwongozo unatambua kwamba kuna watu walificha kwa sababu waliambiwa hivyo na mwanasheria au mtu ambaye kazi yake ni kuelekeza watu kuhusu taratibu za usalama, halafu walipojua ukweli wakashirikiana kikamilifu. Kama rikruta anaingia hapo ni jambo la kubishaniwa, na utaulizwa una ushahidi gani. Litaje, usiliegemee.

Sasa fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Kabla ya kumwambia mtu yeyote kazini tafuta mwanasheria anaefanya kesi za kliaransi, sio wa talaka sio wa ajali, wa kliaransi, manake uongo wa kwenye fomu ni jinai na wewe bado uko jeshini ambako kuna sheria zake za ziada. Ongea nae, lipa hiyo saa moja. Kama atakubali, kwenye fomu mpya andika "ndio", weka tarehe zile mbili, na kwenye maelezo andika kwamba fomu ya mwanzo ulijibu vibaya, ulijua unajibu vibaya, na unarekebisha. Usiandike "nilisahau". Kokeini ya kwanza maishani hakuna anaesahau, na ukisema umesahau umedanganya mara ya pili ukiwa katikati ya kutubu ya kwanza.

Hiyo nafasi kubwa unaweza kuikosa. Hata Secret yako inaweza kuingia mashakani kwa muda. Siwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini hebu fikiria upande wa pili, mtu mwingine akijua siri hii, awe adui wa nchi au mpenzi wa zamani mwenye hasira, anakushika shingo miaka yote utakayofanya kazi, na hicho ndicho wanachokiogopa zaidi, mtu anaeweza kutishwa. Ukishaisema hakuna wa kukutisha tena.

Umesema hujagusa tangu hapo, nakuamini, na nashukuru sana kwa hilo, manake kutumia ukiwa tayari na kliaransi fomu inakuuliza kivyake, haikuachii ujifiche kwenye ile miaka 7, na mwongozo unalitaja kama kosa zito la peke yake.

SWALI: Dada yangu, mwanangu wa kiume ana miaka 24. Alifanyiwa upasuaji wa goti akiwa anacheza mpira, akapewa vidonge vya maumivu, akanasa, baadae ikawa heroini. Tulipita moto. Alimaliza rihabu na sasa ana miaka mitatu na miezi miwili msafi. Ndoto yake tangu mdogo ni FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Je nimwambie aache ndoto? – Mama wa Texas

JIBU: Mama, mtu anaehesabu na ile miezi miwili ni mtu aliyekaa macho usiku mwingi. Hongera kwako na kwake.

FBI wana kanuni zao za ajira, hizo ni tofauti na kliaransi yenyewe. Kwa bangi wanataka mwaka mmoja uwe umepita kabla ya kuomba, na ile ya kabla ya miaka 18 haikuzuii, walilegeza hivyo 2021. Kwa dawa nyingine haramu ni miaka 10. Kwaiyo kwa FBI mlango umefungwa mpaka awe kwenye miaka 31 hivi, na sitaki umfiche hilo, kijana aliyepita alipopita anastahili kuambiwa kalenda ya kweli.

Ila FBI sio serikali yote, na kliaransi kwa ujumla haina huo ukuta wa miaka 10. Kuna sheria ya tangu 2008 inayokataza kabisa kumpa kibali mtu ambaye ni mtumiaji haramu wa dawa au mraibu, nayo ndo inawatisha wazazi wengi, lakini inamsema aliyepo kwenye hali hiyo sasa, na mwanao anaweza kuonyesha ametoka. Mwongozo H unazitaja hali zinazofanana na yake karibu kama vile umeandikwa kwa ajili yake, mtu aliyeanza kwa dawa za maumivu baada ya ugonjwa mzito, na mtu aliyemaliza matibabu, hajarudia, na mtaalamu wa afya mwenye sifa anasema mbele yake panaonekana pazuri.

Hayo yote yanataka karatasi. Mnunulie faili, lile la plastiki lenye mifuko. Ndani iwe barua ya rihabu inayoonyesha tarehe aliyoingia na aliyomaliza, barua ya daktari ya sasa sio ya miaka mitatu nyuma, majibu ya vipimo vya mkojo kama anapima, barua ya mtu anaemsimamia kwenye kikundi chake, na rekodi za ule upasuaji wa goti kwa sababu ndo zinaonyesha ilianzia wapi. Kama bado anatumia dawa aliyoandikiwa na daktari ya kumsaidia asirudi kwenye heroini, hiyo ni tiba halali, aitaje bila aibu na aweke jina la daktari. Na ajue swali la kutibiwa kwa sababu ya madawa linauliza "umeshawahi", halina miaka 7, vilevile kama alishawahi kushtakiwa kwa kosa la madawa, hata kama mahakama ilifuta rekodi, fomu inataka aandike isipokuwa kwa ufutaji wa aina chache sana za sheria ya serikali kuu ambazo mwanasheria atamwambia.

Aanze na kazi ndogo isiyotaka kliaransi, ajenge miaka. Aombe baadae. Na mama, usimjazie wewe hiyo fomu. Nimeona wazazi wanajaza kwa mapenzi wanapunguza makali ya maneno, "alikuwa na shida kidogo ya dawa", afu mtoto anakuja kuulizwa maneno ambayo sio yake. Aandike heroini, kwa mkono wake.

SWALI: Mimi nna Top Secret, sivuti. Mume wangu anavuta gereji. Mimi natumia mafuta ya CBD kwa magoti. Na kaka yangu ananiuzia wazo la hisa za kampuni za bangi. – Bi. M., Virginia

JIBU: Bi. M., hisa kwanza. Ule mwongozo wa 2021 uligusa hilo moja kwa moja, kununua kwa kujua hisa za kampuni zinazouza bangi kunaweza kuhesabiwa dhidi yako. Mfuko mkubwa wa pensheni ambao ndani yake kuna kampuni moja hukuijua ni jambo jingine. Kaka atafute mteja mwingine.

CBD ni kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, na ile iliyotoka kwenye hempu, yaani bangi yenye THC (kemikali inayolevya) isiyozidi asilimia 0.3, iliondolewa kwenye haramu na sheria ya kilimo ya 2018, shida ni kwamba chupa nyingi hazina ukweli kwenye lebo, na kipimo cha mkojo kikisema THC wewe ndo unaanza kuthibitisha ulijipaka nini. Wanajeshi wamekatazwa bidhaa za hempu kabisa. Kwa magoti muone daktari akupe kitu chenye risiti.

Mume. Hutanyang'anywa kibali kwa sababu ya pafu la mwenzako peke yake, lakini mwongozo unaangalia unaishi na nani na mazingira gani, na siku utakapoulizwa usiseme hujui. Ongea nae kama mnavyoongea mambo ya ada za watoto, kwa sababu ni hilohilo. Na zile pipi za bangi, kama anazo, zisikae kwenye friji moja na za watoto, hapo sizungumzii kliaransi hata kidogo.

SWALI: Nimepokea barua inaitwa maelezo ya sababu, wanasema wanakusudia kuninyima kibali kwa ajili ya bangi na uyoga wa kulevya. Nimeiweka kwenye droo, sijui hata nianzie wapi. Ni kontrakta. – Msomaji wa San Diego

JIBU: Itoe kwenye droo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hiyo barua bado sio kukataliwa, wanakuambia mashaka yao na kukupa nafasi ya kujibu. Kwa kontrakta wa wizara ya ulinzi una siku 20 tangu uipokee, na usipojibu wanaweza kufunga faili bila kukusikia. Angalia tarehe uliyosaini. Kama zimebaki chache, leo hii andika kuomba muda zaidi, ukieleza sababu.

Kujibu ni kuchukua kila aya moja moja na kuandika "nakubali" au "nakataa", na maelezo. Usikatae kitu cha kweli kwa sababu tu kimeandikwa kwa ukali. Utaulizwa kama unataka kusikilizwa na jaji wa utawala au faili liamuliwe kwa maandishi tu. Mimi nilikuwa nawaambia watu waende wakasikilizwe, kwa sababu karatasi haionyeshi uso wa mtu aliyebadilika, na mkeo au bosi wako wanaweza kuja kusema wanavyokujua. Maamuzi ya majaji hao yamewekwa mtandaoni bila majina ya watu, tafuta yanayotaja bangi na uyoga usome matano au sita, utaona wenyewe wanaangalia nini, tarehe ya mwisho, nani alisema ukweli lini, na nani alivuta tena akijua yuko kwenye mchakato.

Ujue pia kwamba kliaransi sio haki ya mtu, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilisema hivyo tangu 1988, na penye shaka wanaamua kwa upande wa usalama wa taifa. Kwaiyo ni kazi yako wewe kuiondoa shaka, hawatakutafutia. Ukinyimwa, kuna rufaa, na baada ya mwaka mmoja unaweza kuomba upya ukiwa na mwaka mzima msafi wa kuonyesha. Niandikie tena ukishatuma jibu, ila kwanza hesabu zile siku.